Mwanangu anataka kuifunga mwenyewe injini ya gari la marehemu baba yake

BARUA

Shikamoo mzee wetu. Naomba jina langu na mtaa wangu visitajwe, andika tu kwamba natoka Morogoro.

Mimi ni mjane. Mume wangu alifariki mwaka juzi, akaniachia watoto watatu na gari, Toyota Corolla ya siku nyingi yenye injini ya 5A. Gari hilo alilipenda sana. Hakuwa fundi, alikuwa karani, lakini Jumamosi humkosi amefungua boneti, na kijana wetu wa kwanza ndiye aliyekuwa akimshikia tochi tangu hajaanza darasa la kwanza. Sasa kijana ana miaka ishirini, yuko VETA mwaka wa pili, anasomea umakanika wa magari.

Mimi nafuga kuku. Gari ndilo lililokuwa likinipelekea mayai kwa wateja. Mwaka jana likaanza kula oili. Asubuhi ukiwasha linatoa moshi wa bluu, baadaye unapungua. Halafu tulikwenda Iringa kwenye harusi, kupanda Kitonga moshi ukawa mzito hadi wa nyuma yetu wanapiga honi. Nguvu ikaisha kabisa, ikabidi tupande na gia ya kwanza. Tangu hapo nikaliegesha.

Kijana akaazima kipimo cha kompresheni chuoni, akapima, akaandika namba kwa mkaa ukutani: 160, 155, 105, 150. Akaniambia, "Mama, hizi ni ringi tu. Nikibadilisha ringi gari linapona." Wiki iliyofuata akaja na wenzake, wakafunga cheni kwenye tawi la mwembe, wakaitoa injini. Sasa iko barazani imefunguliwa yote. Pistoni nne zimepangwa juu ya gazeti, kila moja kaiandika namba kwa rangi ya kucha ya dada yake. Nilimpa hela akanunua seti ya ringi na gasketi.

Nikueleze kitu kimoja kuhusu mtoto huyu. Baba yake alipofariki alinyamaza. Hakulia msibani, na baada ya arobaini akawa mtu wa kuingia na kutoka. Nilikuwa namsemesha ananijibu "sawa mama", basi. Tangu injini iko barazani anaongea. Ananiita nione hiki na kile. Ananiambia, "Baba alikuwa anafanya hivi." Usiku nasikia anacheka na wenzake huko nje. Kwa ajili hiyo tu ningempa hela nyingine.

Lakini juma lililopita nilikuwa nafua suruali yake, nikakuta mfukoni kiberiti kikubwa kimefungwa kwa mpira. Ndani mna ringi imevunjika vipande viwili. Hajaniambia. Nikimuuliza kazi imefikia wapi, ananijibu anasubiri kitu kutoka Dar. Wala injini haigusi siku hizi. Mimi sijamwambia kwamba nimeona, na kiberiti nilikirudisha palepale.

Upande wa pili yupo shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Amenisaidia sana, ada za hawa watoto wawili wadogo yeye ndiye anayelipa nusu. Alikuja, akaikuta injini barazani, akakasirika. Alisema mbele ya mtoto: "Gari la kaka si la kujifunzia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hafungi pistoni." Anataka injini hiyo iuzwe chuma chakavu, tununue iliyotumika kutoka Japani kule Dar, fundi wake aifunge. Hela atatoa yeye, mimi nitamrudishia nitakapoweza. Kijana aliondoka bila kuaga. Kesho yake akaniambia baba yake mdogo akileta injini nyingine yeye haligusi tena hilo gari.

Mzee, mimi ringi siijui. Najua mtoto wangu na najua hesabu ya mayai. Nikimwachia kijana injini ikafa, shemeji atasema alinionya, na mtoto atabeba aibu hiyo kwa jina la baba yake. Nikikubali la shemeji, nitakuwa nimeingia deni na nimemnyamazisha tena mwanangu. Dada yangu ananishauri niuze gari kama lilivyo ugomvi uishe. Nifanye nini?

Mama wa Morogoro

JIBU

Marahaba, mama. Pole kwa msiba, na pole kwa kukaa katikati ya watu wawili unaowapenda. Nilishika spana miaka mingi kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo nitakujibu kwa mikono yote miwili.

Nilivyokuelewa, barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa pamoja. Kwanza, je, injini hii inatengenezeka hapo barazani? Pili, je, kijana anaweza kuitengeneza? Tatu, utaishije na shemeji yako baada ya kuamua? Watu wote wanaokuzunguka wanayajibu kana kwamba ni swali moja. Shemeji anasema kijana hawezi, basi injini iuzwe. Kijana anasema naweza, basi ni ringi tu. Hakuna hata mmoja aliyekuambia silinda zina hali gani, na hilo ndilo lenye kubeba mengine yote.

Niruhusu nikueleze kidogo, kwa sababu ukielewa hapa utaweza kuzungumza na wote wawili bila kutegemea kauli ya mtu.

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda kama mchi kwenye kinu, ila pistoni haitakiwi kugusa ukuta wa silinda moja kwa moja. Ni ya alumini, na bloku ya 5A, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni ya chuma. Alumini ikipata moto hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo huachwa nafasi ndogo sana kati yao, inayopimwa kwa sehemu za mia za milimita. Nafasi hiyo huzibwa na ringi. Kila pistoni ina ringi tatu: mbili za juu huzuia mgandamizo usivuje kwenda chini, ya tatu hukwangua oili isipande juu. Oili ikipanda inaungua pamoja na petroli, na huo ndio moshi wa bluu ulioonekana Kitonga.

Sasa, ringi huchakaa, lakini na silinda nayo huchakaa. Tena haichakai sawasawa. Huliwa zaidi kule juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na huliwa zaidi upande mmoja, hadi kilichokuwa duara kinakuwa kama yai. Ukiweka ringi mpya ndani ya silinda ya namna hiyo, kwa wiki chache unaweza kudhani umepona. Halafu moshi unarudi, na hela ya ringi imeondoka. Neno la kijana wako kwamba "ni ringi tu" linaweza kuwa kweli. Linaweza pia kuwa nusu ya kweli. Naomba umuulize amelijuaje.

Namba alizoandika kwa mkaa zinasema jambo. Kwa jamii hii ya injini Toyota huruhusu kompresheni, yaani huo mgandamizo, ishuke hadi karibu psi 142 (psi ni kizio cha shinikizo), na silinda moja isipishane na nyingine kwa zaidi ya psi 14 hivi. Kwa hiyo silinda tatu kati ya nne bado zinajitahidi, na ya tatu imekwisha. Silinda moja kuanguka peke yake namna hiyo hunifanya niulize maswali. Je, kabla ya kufungua alitia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi akapima tena? Namba ikipanda baada ya oili, mvujo uko kwenye ringi au silinda. Isipopanda, mvujo uko juu, kwenye vali, yaani vilango vya hewa na moshi, au gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini. Kama hakufanya hivyo, bado kuna njia: aigeuze hedi, plagi na vali zikiwa zimefungwa, amimine mafuta ya taa kwenye kila chemba, asubiri. Yakivuja kwenye vali, amepata mwizi wa pili.

Na huo moshi wa asubuhi unaopungua baadaye, mama, mara nyingi si wa ringi. Ni oili iliyoshuka usiku kupitia sili za vali zilizokakamaa. Moshi wa kwenye mlima, gari likiwa na mzigo, ndio unaonyooshea ringi kidole. Wewe umeeleza yote mawili. Ina maana hata ringi zikifungwa vizuri kupita kiasi, asipobadilisha sili za vali utaendelea kuona moshi alfajiri, na shemeji yako atauona pia.

Kuna kipimo ambacho unaweza kukishuhudia wewe mwenyewe ukiwa umesimama hapo barazani. Mwombe kijana achukue ringi moja ya juu, mpya, aiingize ndani ya silinda bila pistoni, kisha aisukume kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae wima sawasawa. Ringi si duara kamili, ina mwanya. Apime mwanya huo kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ringi ikiwa juu, chini kidogo tu ya ile ngazi iliyoachwa na uchakavu, halafu aisukume hadi chini ambako ringi hazifiki, apime tena. Kwa silinda ya milimita 78.7 kama hii, mwanya wa kuanzia milimita 0.25 hadi 0.35 hivi ni wa kawaida kwa ringi ya juu, ingawa kitabu cha injini ndicho cha kufuatwa. Kilicho muhimu zaidi ni tofauti ya vipimo viwili. Kila milimita 0.3 ya tofauti maana yake silinda imepanuka karibu milimita 0.1 kule juu. Ikiwa imefika hapo, kubadilisha ringi peke yake ni kujidanganya. Afanye hivyo kwa silinda zote nne, na ya tatu airudie.

Vipimo vikiwa vibaya, bloku inakwenda kwa wachonga silinda. Hapo habari njema ni kwamba bloku hii ya chuma inachongeka. Injini nyingi za kisasa zaidi, kama 1NZ iliyomo kwenye IST na Vitz, zina bloku ya alumini yenye laina nyembamba ambazo hazikukusudiwa kuchongwa, na wenye magari hayo wengi huishia kununua injini nyingine. Wewe una nafasi wasiyokuwa nayo. Silinda hupanuliwa kidogo, tuseme milimita 0.50, na hununuliwa pistoni na ringi za ovasaizi hiyo. Pistoni zinunuliwe kwanza, ndipo bloku ichongwe kwa kufuata pistoni zenyewe zikiwa mezani kwa mchongaji. Nimeona watu wakichonga kwanza halafu wanazunguka maduka ya Gerezani na Kariakoo, Dar, kutafuta saizi ambayo haipo sokoni.

Nadhani unaona hatari iliyomo: hesabu inakua. Ringi ulizokwisha nunua ni za saizi ya kawaida, hazitafaa tena. Kutakuwa na pistoni, uchongaji, sili za vali, pengine beringi za konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Kabla hujatoa shilingi nyingine, mwambie kijana akuandikie orodha yote, bei ya kila kitu aliyoiulizia mwenyewe dukani. Wewe ni mtu wa hesabu ya mayai, hapo hakuna atakayekudanganya.

Tuje kwa huyo kijana.

Umeandika kuhusu ringi iliyovunjika kana kwamba ni ushahidi dhidi yake. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Ringi nyingi ni za chuma cha kalibu, na chuma hicho hakipindi, hukatika. Ukiitanua kwa vidole kupita kiasi, au ukiivisha kwa kuizungusha upande mmoja, inakatika. Kuna koleo maalumu la kuitanulia, na bei yake ni ndogo kuliko seti moja ya ringi. Ringi iliyokatika mkononi ni hasara ya hela kidogo. Ringi iliyokatika ikafichwa ndani ya injini huchana silinda toka juu hadi chini. Yeye hakuiingiza. Aliitoa, akaitia kwenye kiberiti, akasimamisha kazi. Fundi anayenitia hofu ni yule ambaye angeifunga hivyohivyo ili kazi ionekane imekwisha.

Kuna na hiyo rangi ya kucha. Kila pistoni inatakiwa irudi kwenye silinda yake, na kila kifuniko cha konrodi kirudi kwenye konrodi yake, kwa sababu vilichongwa pamoja na vikachakaa pamoja. Wanafunzi wengi husahau kuweka alama, wanakuja kubahatisha. Wako ameweka alama kabla hajaulizwa na mtu.

Hayo hayatoshi kusema anaweza. Ila unaweza kumjua zaidi kwa kumkalisha akakueleze, wewe usiyejua, atakavyoifunga. Anayeijua kazi huieleza bila kukasirika. Sikiliza mambo haya.

Sikiliza kama ataanza na usafi. Silinda ikishasuguliwa kwa mawe ya honi ili ipate mikwaruzo ile ya kukatizana inayoshika oili, ndani hubaki unga wa jiwe usioonekana. Petroli haiuondoi wote. Huoshwa kwa maji ya moto, sabuni na brashi, halafu hufutwa kwa kitambaa cheupe, tena na tena, mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha hupakwa oili papo hapo kabla kutu haijaanza. Barazani kwenu kuna vumbi na kuna kuku. Akikuambia atafunga pistoni siku ya upepo, mwambie asubiri.

Sikiliza kama anajua kwamba ringi ya kwanza na ya pili hazifanani, na kwamba zina alama ndogo, nukta au herufi, inayotakiwa kutazama juu. Ringi ya oili huwa ya vipande vitatu: vyuma viwili vyembamba na springi katikati yake. Ncha za springi hiyo zinatakiwa zikutane, zisipandane. Zikipandana, gari litakula oili kuliko lilivyokuwa likila mwanzo, na mtu ataapa kwamba alibadilisha kila kitu. Mianya ya ringi zote nayo haipangwi mstari mmoja, hutawanywa kuizunguka pistoni.

Sikiliza pia habari ya kuingiza. Alama ya kichwani mwa pistoni inatazama mbele, upande wa mkanda wa taimingi. Bolti za konrodi huvishwa vipande vya mpira ili zisiikwaruze krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zinaposhuka. Ringi hubanwa kwa kibano chake, pistoni husukumwa taratibu kwa mpini wa mbao wa nyundo. Hapa ndipo panapomtofautisha mtu. Pistoni ikikwama, hata kidogo, ringi imechomoza chini ya kibano. Haipigwi. Inatolewa, inapangwa upya. Muulize, "Na ikikataa kuingia?" Umtazame anavyojibu. Baada ya kila pistoni krenki huzungushwa kwa mkono, ili ikianza kuwa nzito ijulikane ni pistoni ipi iliyoleta uzito. Nati hukazwa kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu, si kwa nguvu ya bega. Chuo chake kinaweza kuwa nayo ya kuazima.

Akikuonyesha hayo, utakuwa umeona zaidi ya alichokiona shemeji yako siku ile. Asipojua baadhi, hilo nalo si la kumhukumu, ni la kujua nani awe karibu naye. Njia moja ni kumwita fundi mtu mzima, au mwalimu wake wa chuo, kwa siku mbili tu: siku ya vipimo na siku ya kuingiza pistoni. Alipwe kama kibarua. Hatari yake ni kwamba mafundi wengi hawawezi kusimama wakitazama, huchukua spana. Mpatane mapema kwamba mikono ni ya kijana, macho ni ya fundi. Na jambo moja silitaki hata kidogo: injini isirudishwe garini kwa tawi la mwembe. Tawi halitoi onyo likivunjika, na chini yake kuna vijana. Watafute winchi ya gereji.

Kuhusu injini ya Dar, usilione wazo la shemeji kuwa ni dharau. Lina faida. Gari linaweza kurudi barabarani ndani ya siku chache, na wewe una wateja wa mayai. Ila nayo unainunua ikiwa imefungwa, huioni ndani, na dhamana yake aghalabu ni neno la muuzaji. Mkielekea huko, dai kusikia ikiwashwa na kupimwa kompresheni kabla ya kulipa. Namba ya injini itabadilika, kwa hiyo kadi ya gari itahitaji kurekebishwa TRA, usije ukapata taabu siku ya kuuza. Halafu kuna deni. Si kubwa au dogo ndilo linalonishughulisha, ni kwamba "utakapoweza" haina tarehe, na mtu anayelipa nusu ya ada za watoto wako akiwa pia anakudai injini, kukataa jambo lake lingine lolote kutakuwa kugumu kwako. Ungeweza kukubali msaada wake kwa sura nyingine, kwa mfano alipie uchongaji tu.

Kuuza kama lilivyo, ushauri wa dada yako, ugomvi wa injini utakwisha, sikatai. Lakini gari lililofunguliwa huuzwa kwa bei ya mabaki, na sidhani kama kilichokufanya uniandikie ni ugomvi tu. Uliandika kwamba mtoto anaongea. Hilo umelipa nafasi kubwa kwenye barua yako kuliko moshi.

Hapo ndipo ningependa nikuulize kwa upole. Umeniambia mwanao akishindwa atabeba aibu kwa jina la baba yake. Je, hofu hiyo ni ya kwake au ni yako? Baba yake mwenyewe hakuwa fundi. Alifungua boneti kila Jumamosi, na bila shaka kuna Jumamosi alizofunga akiwa amekosea. Mtoto alikuwa hapo na tochi, aliyaona yote. Inawezekana yeye anaweza kuvumilia injini kukataa kuwaka kuliko kuvumilia kunyang'anywa. Inawezekana pia siyo, na kunyamaza kwake baada ya ringi kukatika kunaonyesha jinsi gani kosa dogo linamlemea. Wewe unamjua, mimi simjui. Kama ni hili la pili, basi kumwachia kazi yote peke yake kunaweza kuwa mzigo tuliouita zawadi.

Suala la kiberiti, sioni haja ya kumshtua nacho. Ila usiliache likae muda mrefu, maana ninyi wawili sasa mnafichana kitu kilekile. Huenda ikatosha kumwambia siku mkiwa peke yenu, "Nasikia ringi hukatika kirahisi. Ikikatika niambie, tutanunua nyingine." Atajua unajua. Na atajua hakuna kesi.

Halafu shemeji. Alisema vibaya mbele ya kijana, hilo ni kweli. Lakini yeye naye amefiwa na kaka, na lile gari ni la kaka yake. Aliposema "gari la kaka si la kujifunzia", mimi nilisikia mtu anayeogopa kupoteza kilichobaki. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumpa pole yeye peke yake tangu msiba umalizike. Mngeweza kumwendea nyumbani kwake, wewe na kijana, mkiwa na vipimo vya silinda vimeandikwa kwenye karatasi, mumwombe ushauri badala ya ruhusa. Pistoni zikihitajika Dar, pengine aende na kijana kuzinunua, yeye akiwa mwenye kujua maduka na kijana akiwa mwenye kujua saizi. Anaweza kukataa. Anaweza kwenda na kununua injini nzima kwa hasira zake. Mwekeeni nafasi tu ya kuwa ndani ya kazi hii, maana kwa sasa amewekwa nje na anapiga kelele akiwa nje.

Muda nao uupangie mpaka. Injini iliyofunguliwa barazani hugeuka kuwa samani usipoangalia, na mayai hayasubiri. Kubalianeni tarehe ya vipimo, na tarehe ambayo, ikipita kabla bloku haijachongwa, mtakaa upya kuzungumzia injini ya Dar bila mtu kuhesabiwa kuwa ameshindwa. Kwa sasa tafuta bodaboda au bajaji ya kudumu ya wateja wako, gharama hiyo uiingize kwenye ile orodha ya kijana, kwani ni sehemu ya bei ya injini hii.

Mkishapima, niandikie namba za silinda zote nne, juu na chini, na saizi iliyochorwa kichwani mwa pistoni kama ipo. Nitazitazama pamoja nanyi kabla hela yoyote haijakwenda kwa mchongaji.